Sufuria ya Pili

Sufuria kubwa ya pili ilipotoka msikitini na kuingia kwa jirani yake Mukankusi, Silvère alisahau hata kufunga boneti ya teksi yake.

"Mbili!" akamwitia mkewe dirishani. "Kamikazi, umesikia? Kaazima mbili!"

Kamikazi alikuwa amelala ubavu, ameuma ncha ya kitenge. Uchungu ulimwanza alfajiri, na mkunga alipompapasa tumbo alisema maneno machache tu: mtoto kakingama tumboni, kazi hii si yangu, mpelekeni hospitali kabla ya jioni. Hospitali yenyewe iko ng'ambo ya mji, milima miwili. Teksi ipo mlangoni, inang'aa, lakini haina hata tone la petroli. Kigali nzima ilikuwa hivyo hivyo.

Tangu vita vifunge njia ya Gatuna, petroli haikuja tena kwa njia ya Uganda. Sasa ilishushwa melini Dar es Salaam, ikaivuka Tanzania yote mpaka daraja la Rusumo, na hapo ikalala. Kila baraza lilikuwa na sababu yake. Hawa walisema kahawa yetu haina bei huko Ulaya, sasa dola za kununulia mafuta zitoke wapi? Wale walisema ni karatasi za mpakani. Kilichojulikana kwa hakika ni kwamba madereva wa matangi wamekwama Rusumo, wanalala chini ya malori yao, mbu wanawatafuna.

Mmoja wao alikuwa Issa Sibomana, mume wa Mukankusi. Ndiyo maana watu wa mtaa wa Rwezamenyo hawakuhangaika na redio; walitazama jiko la Mukankusi. Akinunua kuku, basi Sibomana yuko njiani, na watu wanakwenda kupanga jerikeni zao pale pampu. Jiko hilo halijapata kumdanganya mtu.

"Leo si kuku," alisema Nahimana, fundi viatu, ambaye mdomo wake haujui kufuli. "Ni mguu mzima wa ng'ombe! Na asubuhi kaja mgeni na pikipiki, vumbi la Rusumo mpaka kwenye nyusi. Wamenong'ona mlangoni weee!"

"Basi safari hii anakuja na trela," alisema Silvère.

Akavuka uchochoro. Mukankusi alikuwa uani anatandika mikeka, kanga ya kichwani kaifunga ovyo. Siku nyingine mumewe akija, angekuwa ameshasuka, ameshajifukiza, na angemtania Silvère kwamba huyu baba mtarajiwa anatembea kama bata.

"Shemeji, mzee anafika leo?"

"Leo. Kabla ya alasiri, inshallah."

"Na lori lake?"

"Na lori lake." Hakuinua uso. "Kamikazi vipi?"

"Mtoto kakaa vibaya, shemeji. Nikipata lita tano tu..."

Hapo Mukankusi akamtazama, tena akamtazama sana. "Utapata," akasema, sauti imekwaruza kama ya mtu mwenye mafua.

Silvère hakuhitaji zaidi. Alitoka mbio na habari yake, nyumba kwa nyumba, na Nahimana akaipokea na kuiongezea chumvi. Haukupita muda, watu walikuwa wanasukuma magari kwa mikono kuelekea pampu, jerikeni zimepangwa mpaka kwenye kona, wauza karanga wamefika, vicheko vimefika. Jerikeni ya Silvère ilikuwa ya kwanza.

Adhuhuri ikapita. Mtu mmoja akaja anahema: tangi limeonekana njia panda ya Sonatubes, linakuja! Watu wakatega masikio. Sibomana huanza kupiga honi toka mbali akiukaribia mtaa wake, mpaka watoto humwigiza. Leo hakuna honi.

Lori likatokea kwenye kona, limejaa vumbi, polepole, taa zinawaka mchana kweupe. Jerikeni zikainuliwa juu. Likafika penye pampu.

Likapita.

Nahimana akafumuka: "Kayauza! Kawauzia wakubwa! Ule mguu wa ng'ombe mlidhani umetoka wapi?"

"Mwizi!"

"Tunalala barabarani, yeye anapeleka kwake!"

Jirani mmoja akapenya katikati ya watu na kumshika Silvère mkono. "Njoo nyumbani, baba. Kamikazi hawezi tena hata kulia."

Silvère hakwenda nyumbani. Aliokota jiwe, akabeba jerikeni yake kwa mkono wa pili, akalikimbiza lori, na mtaa mzima ukamfuata nyuma na mawe yake.

Walilikuta limesimama mlangoni kwa Mukankusi. Silvère akaugonga mlango wa dereva kwa jiwe mpaka rangi ikabanduka.

"Toka, Sibomana! Mke wangu anakufa, na wewe unatupita kama hutujui! Toka!"

"Mtoeni!" watu wakaitikia. "Mtoeni huyo!"

Mukankusi alitoka uani. Nyuma yake walikuja wanaume wanne na sheikh wa mtaa, wote hawana viatu, wamebeba jeneza la msikiti. Akalitazama lile jiwe, kisha akamtazama aliyelishika.

"Bomba liko nyuma, Silvère; dereva aliyemleta atakufungulia. Kinga jerikeni yako, umuwahishe Kamikazi." Halafu akawageukia wengine. "Ninyi wekeni mawe chini. Njooni mnisaidie kumteremsha mume wangu."