Dishi Juu ya Bati

Tangu wagombane kwenye harusi ya binti yao, Bi Mwanamkuu na mumewe, Mzee Shebughe, walikuwa hawasemeshani. Upepo tu ndio uliowafungua vinywa. Ukisukuma dishi na picha ikapotea, mzee alipanda juu ya bati na spana yake, mkewe akakaa mbele ya televisheni, dirisha wazi.

"Imekuja?"

"Bado! Rudisha kushoto kidogo... Hapo hapo! Usiguse tena!"

Mzee akishuka, nyumba ilinyamaza tena.

Asubuhi hiyo binti yao, Rukia, aliwaletea televisheni ya intaneti. Aliifunga ukutani, akachomoa waya wa dishi, akamkabidhi baba yake akautupe.

"Sasa upepo uvume utakavyo, mama. Picha haipotei ng'o," alisema, akaenda zake kwa mumewe.

Mchana upepo ukavuma kwelikweli. Picha haikutikisika hata kidogo. Bi Mwanamkuu alikuwa akitazama tamthilia yake, hata jasho la waigizaji analiona, aliposikia ngazi ikiegemezwa ukutani, kisha bati likilia juu ya kichwa chake.

"Imekuja?" mzee aliuliza kutoka juu.

Bi Mwanamkuu aliitazama ile picha safi kwa kitambo. Akaizima televisheni, akavuta kigoda hadi dirishani, akaketi.

"Bado!" alijibu kwa sauti. "Zungusha polepole, hakuna haraka."

Juu ya bati, spana ikaanza kukwaruza chuma.