Aliyepiga Besi

Bi Siwatu aliingia kwa Sengo, fundi wa redio na magitaa, kununua waya. Akawakuta wanaume watatu wakibishana juu ya gitaa la besi. Mmoja alilisifu la nyuzi tano. Mwingine akasema lile zito la zamani ndilo lenye sauti inayoingia kifuani. Santuri kuukuu ilikuwa ikizunguka mezani.

"Sikilizeni hapo," Sengo alisema. "Huyu jamaa hajatokea wa kumfikia."

Bi Siwatu alisimama. Besi ile aliipiga yeye, miaka arobaini iliyopita, siku mpiga besi wa bendi alipougua. Kwenye jalada la santuri wakaandika jina la mgonjwa.

"Hebu nipe hilo gitaa, baba," alisema.

Walimpa huku wakitabasamu. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, lakini havikuwa vimesahau. Alikipiga kipande chote, mpaka pale besi inapobaki peke yake na wengine wamenyamaza. Alipomaliza, hakuna aliyekuwa akitabasamu.

"Mama," Sengo alisema kwa heshima, "umemwiga sawasawa. Ulikuwa unamfahamu?"

Bi Siwatu alifungua kinywa. Alizitazama nyuso zao, zilivyojaa mapenzi kwa mtu yule mwingine, ambaye alikwisha kufa.

"Nilimfahamu kidogo," alijibu.

Akachukua waya wake, akatoka. Nyuma yake waliirudisha sindano mwanzo wa wimbo, na besi ikamfuata barabarani mpaka alipokata kona.