Hodi ya Nne

Siku hiyo mjinga alikuwa Makame mwenyewe, na hata leo habishi.

Mdomo wake ndio uliomfukuza mke. Mwanahawa aliporudi kwao, Makame aliapa kunyamaza kila siku tangu alfajiri mpaka alasiri, aufunze ulimi adabu na ajijue mwenyewe ni mtu gani. Siku ya tisa alikuwa kajikunyata mkekani, amechoka kuliko mchukuzi wa sokoni. Kumbe kunyamaza nako ni kubeba mzigo.

"Hodi!"

Makame akabana meno. Alasiri bado.

"Hodi wenyewe!"

Akashika pindo la mkeka kwa mikono miwili. Hodi ya tatu ilikuwa ya chini, imechoka kama yeye. Hiyo nayo akaishinda, akajipongeza kimoyomoyo. Kisha akasikia ndara zikiondoka, maana muungwana hapigi hodi ya nne.

Alipochungulia dirishani alimwona Mwanahawa na mama yake, na sanduku la nguo, wanakata kona. Akawakimbilia peku.

"Mama, nilikuwemo! Najizoeza kunyamaza, kwa ajili yake huyu! Siku tisa sasa, hata muuza maziwa ananiona mwehu, lakini nguvu nimezipata, mama, muulize yeyote, mimi wa juzi siye..."

Mwanahawa alihamishia sanduku mkono wa pili, hoi, wala hakumtazama.

"Tumesikia, mkwe wangu," alisema mama. "Hodi tatu tumepiga sisi. Ya nne njoo uipige wewe kwangu, na mimi nitakuwa najizoeza."