Dawa ya Magoti

Goti la nne lilikatika Jumanne jioni, kwenye uwanja wa netiboli wa shule moja ya Kaloleni. Kabibi aliruka, akaudaka mpira vizuri, akatua. Wenzake walisikia goti likilia ta, kisha wakamwona amekaa chini, ameduwaa, hata kulia halii.

Mwalimu Jedida hakukimbia. Mwaka huo wa themanini na sita alikuwa ameshakimbilia magoti matatu, na mbio zake hazikumfaa mtu. Alikwenda kwa miguu mizito, akampakata mtoto, akangoja machela.

Alijua vizuri kinachowaumiza. Wavulana waliruka hapohapo wakigombea mipira ya kichwa, wakatua wamechutama, magoti yameachana, wakaendelea kucheza. Wasichana wake walitua miguu imenyooka na magoti yamebanana, kama walivyofunzwa nyumbani tangu wadogo, maana mtoto wa kike hatanui miguu mbele za watu. Uzito wote ukaishia kwenye kano zilizo ndani ya goti. Daktari mmoja alimwambia kwamba kano hizo zikikatika hakuna plasta ya kuziunga, akaita mgonjwa mwingine.

Kwa miaka mitatu Jedida aliwaeleza wazazi. Kila mkutano Mzee Mramba, mwenyekiti wao, alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, kisha akasema kwa upole kwamba binti za watu hawatafunzwa kutanua miguu na mtu wa bara asiye na mtoto. Hannah, binti yake mwenyewe, ndiye aliyeruka juu kuliko wote, na mzee alimtaka acheze mashindano ya Malindi mwezi ule. Magoti ya Hannah yalikuwa bado mazima. Kila alipopaa, Jedida alifumba macho.

Baada ya Kabibi kuumia, wazazi waliamua kwamba kuna kitu kimezikwa uwanjani, wakatuma watu upande wa Marafa kumwita mganga. Jina la Mwikali, mpishi wa shule, lilikuwa tayari linapita midomoni, kwa kuwa alitoka mbali na aliwahi kugombana na wasichana juu ya ugali mbichi. Jedida alikuwa amechoka hata kukasirika hakuweza. Aliandika barua ya kuomba uhamisho, akaitia mkobani.

Mganga huyo alikuwa mwanamke, Kadii, kikongwe mkavu ambaye wote walimwita Hawe, yaani bibi. Alifika Ijumaa. Hakutoa kibuyu wala hakudai kuku. Aliketi ukingoni mwa uwanja mazoezi yakiendelea, na swali alilomuuliza mwalimu lilikuwa moja tu.

"Huumia wakipanda au wakishuka?"

"Wakishuka, Hawe."

Mganga akaitikia kwa kichwa. Akawatazama wasichana, kisha wavulana, muda mrefu, mpaka Jedida akadhani amesinzia. Magharibi alikwenda kulala kwa jamaa yake hapohapo mjini.

Jumamosi asubuhi wazazi walijaa. Hawe Kadii aliuzunguka uwanja mara mbili, akasimama chini ya ringi ya goli, akaamuru wachimbe. Udongo uliachia upesi, na wengine wakaona hiyo nayo ni dalili. Kikatoka kitambaa chenye mafundo manne. Macho yote yakamgeukia Mwikali, aliyesimama mlangoni mwa jiko. Jedida akaona haya kuwa mwalimu wa watu wale.

"Aliyekizika ameshakufa," mganga akasema. "Msimtafute mtu."

Kisha akatoa masharti. Kila binti atakayeruka pale ashuke amekunja magoti, na magoti yaachane, kama mtu aliyekalia mbuzi akikuna nazi. Atakayeyabana, maradhi yatamrudia. Mzee Mramba aliyarudia masharti neno kwa neno asije akakosea, akamwita Hannah aruke mbele ya umati wote. Hannah akaruka, akatua amechutama, magoti huku na huku, uso umeiva kwa haya.

"Tanua zaidi," baba yake akamwambia.

Jedida alimsindikiza mganga hadi barabarani. Hakujua afurahi au alie. Hannah angekwenda Malindi na magoti yake, lakini maneno ya miaka mitatu yaliyopuuzwa yalikuwa yamekubaliwa kwa dakika moja, kwa ajili ya kipande cha nguo. Alimwambia mganga hivyo waziwazi, bila kuficha uchungu wake.

Hawe Kadii alisimama kupumzika, akasugua viganja vyake vilivyochubuka.

"Ardhi yenu pale ni ngumu, mwanangu," alisema. "Kukifukia kile kitambaa leo alfajiri, nusura jembe linishinde."