Gari la Kukaa Nalo

Valerian alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa na rangi ya asali. Akatazama betri: mpya. Akatazama matairi ya mbele: mapya vilevile. Gari lenyewe lilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, nalo lilitunzwa Mchinga, nyuma ya banda la nazi.

"Oili imebadilishwa lini, Mzee?"

"Mwezi uliopita," alijibu Mzee Klementi kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Masikio yake yalikuwa yamechoka, naye aliamini kwamba ya watu wengine yamechoka vivyo hivyo.

"Sasa mbona kwenye simu uliniambia nije na oili nyingine? Na plagi sita?"

"Oili haizidi, mwanangu."

"Na betri hii?"

"Aliileta kijana mmoja wa Mbagala. Mtu wa magari kama wewe."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye Valerian alikuwa ameinama chini ya boneti ile tangu saa moja asubuhi.

Jana yake alikuwa amesafiri kutwa nzima kutoka Tabata kwa ajili ya gari hilo aina ya Chaser: jeusi, silinda sita, turbo, petroli tupu. Alilitamani gari la namna hiyo tangu akiwa mwanafunzi, na sasa magari hayo yalikuwa yakiisha. Yaliyosalia mjini yalikuwa yamepinda kwa ajali au yamenyofolewa injini. Mkewe, Consolata, alimpa ruhusa yenye mpaka: akirudi mikono mitupu, akiba yao yote itanunua gari la umeme kutoka kwa kaka yake, na jambo hilo halitazungumzwa tena. Valerian aliwahi kuliendesha gari hilo la shemeji yake. Lilikwenda vizuri, kimya kama jokofu.

"Mzee, una hakika unaliuza?"

"Nisipoliuza sasa nitaliuza lini? Wanasema petroli nayo ina mwisho wake." Mzee alipangusa kioo kwa kiganja. "Lakini simpi mtu atakayelichoka. Mimi nimekaa nalo miaka ishirini na mmoja. Mke unaye?"

"Ninaye. Mwaka wa kumi na mbili huu."

"Wa ngapi?"

"Wa kwanza na wa mwisho."

"Saa hiyo?"

"Ya marehemu baba."

"Na simu?"

Valerian aliisukumia mfukoni. "Ya mwaka huu."

"Simu nitakusamehe," alisema Mzee.

Ndipo Valerian akafunga plagi mpya kwa mkono wake mwenyewe, akabadilisha oili, akawasha. Injini iliunguruma hadi mabati ya banda yakatetemeka. Kuku walisogea kando bila haraka, wakaendelea kuchakura.

"Gari kama hili halijaribiwi kijijini," Mzee alisema. "Hujaribiwa hadi Lindi na kurudi, tangi likiwa limejaa. Hapo ndipo utajua linavyokunywa."

"Nijaze mimi?"

"Kwani anayeonja ni nani?"

Mke wa Mzee, Mama Antonia, alitoka ndani akijikongoja kwa magongo, amevaa kitenge cha kanisani, kwapani ameshika mfuko wenye daftari. Nyonga yake ilivunjika mwaka juzi, na tangu hapo haikunjiki. Ngazi ya basi ilikuwa imemshinda kabisa. Walimlaza kwenye kiti cha nyuma, mguu juu ya mto ambao tayari ulikuwamo garini.

"Mama naye anakuja?" Valerian aliuliza.

"Lazima. Mimi sisikii. Yeye ndiye atakayesema kama unalitesa."

Walijaza petroli kwenye sheli ya barabara kuu, wakashika njia ya Lindi. Turbo ilipovuta, Valerian aliuhisi mgongo wake ukizama kwenye kiti, akatabasamu peke yake kama mtu aliyekumbuka jambo la utotoni. Kila shimo alilikwepa kwa adabu.

"Unaendesha vizuri, mwanangu," Mama Antonia alisema kutoka nyuma. "Mguu wako una huruma."

Mjini, Mzee alimwelekeza kata hapa, nyoosha pale, hadi ndani ya uzio wa hospitali.

"Egesha chini ya mti ule. Injini ya turbo haizimwi ghafla, iache ipumue kwanza."

"Hapa hospitalini?"

"Kuna kivuli."

Na kwa kuwa walikuwa wamekwisha kufika, Mama Antonia aliingia ndani kidogo kusalimia. Salamu zilichukua saa moja na nusu. Aliporudi alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, akisukumwa na muuguzi, ambaye alifungua mlango wa nyuma na kuuweka mto sawa bila kuonyeshwa.

"Tarehe kumi na mbili mwezi ujao, Baba," muuguzi alimwambia Mzee. "Nyonga inaendelea vizuri kwa sababu Mama hakosi kliniki."

"Hatakosa."

Valerian hakuwa akisikiliza. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya usukani, na moyo wake ulikuwa umekata shauri tangu njiani.

"Mzee, nimekubali bei uliyoitaja. Sipunguzi hata shilingi. Niruhusu niondoke nalo leo."

Mzee Klementi alimtazama kwa upole.

"Neno kubwa halisemwi kwa pupa. Nipe dakika moja nifikiri."

Akatoa simu yake, akatembea hatua ishirini hadi kwenye mwarobaini mmoja, akageuza mgongo kama mtu mwenye siri. Kila neno lake lilifika garini.

"Haloo, Hussen wa Temeke? Ndiyo, gari bado lipo. Hapana, wiki hii usije. Njoo tarehe kumi na mbili, asubuhi na mapema. Na uje na pedi za breki za mbele."