Kugombania Sufuria

"Niue kwanza!"

Dada mtu alikuwa ameikumbatia sufuria kubwa nyeusi, mdogo wake wa kiume anaivuta upande wa pili. "Miaka ishirini napika dawa humu. Wewe hata moto wake hujui kuuwasha!"

"Marehemu baba kaniandikia mimi karakana hii ya dawa," alisema mdogo mtu akihema. "Na vyote vilivyomo. Dada, usinitie aibu mbele ya wafanyakazi."

Aibu! Huyu ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni, akawa anamziba pua ili ameze dawa hiyo hiyo chungu, leo kavaa koti anamhubiria aibu.

Walivutana mpaka jasho likawatoka. Ghafla dada mtu akaachia. Mdogo mtu akaanguka chali, sufuria juu ya tumbo. Wafanyakazi wakageukia ukutani kuficha vicheko.

"Haya, chukua. Na daftari lile pale. Kila mzizi, kila jani, kila kipimo nimeandika. Ukikuta nimedanganya, nikate ulimi."

Akavua aproni, akachukua mwiko wake. Ulikuwa umelika, umebaki nusu, kama miiko yote aliyowahi kuichonga.

"Na huo je?"

"Nimeuchonga kwa mikono yangu. Au na huu baba kakuandikia?"

"Nenda nao. Utakufaa kuni."

Akatoka kichwa juu, hakuaga mtu. Chozi hakumpa mdogo wake.

Wiki ya tatu, mdogo mtu alibisha hodi kwenye chumba cha kupanga cha dada yake. Koti hana, macho mekundu. Wateja walikuwa wanarudisha chupa, eti siku hizi wanauziwa maji ya majani.

"Dada, nimefuata daftari neno kwa neno. Dawa haitoki chungu, karakana inanifia mikononi. Umenificha mzizi gani?"

"Sijakuficha hata mmoja. Kaa. Kunywa maji kwanza, umechoka."

Juu ya meza palikuwa na jagi la maji ya bomba, na mwiko ulikuwa umelala humo tangu asubuhi. Dada mtu akautoa, akaukung'uta, akammiminia glasi mpaka juu.

Mdogo mtu akapiga funda moja. Uso ukamkunjamana wote, na mkono wake wenyewe ukapanda kuziba pua.