Bisibisi ya Bwana wa Bima

Bisibisi ilizama kwenye ubao wa boti yangu mpaka mpini, kama kijiti kwenye kiazi kilichoiva.

Mkaguzi wa bima hakuivuta. Alibaki amechutama kando ya kitanda chetu, ameishika. Alitoka Mwanza, kwenye moja ya kampuni hizi mpya za watu binafsi, akaja mpaka Lamadi kwa ajili yangu tu.

"Ulipoinunua uliikagua, mzee?"

Ng'ombe namjua umri kwa pembe zake. Boti niliangalia rangi.

Mke wangu aliacha kusonga ugali. "Mwanangu, sisi tunalala humu. Nyumba yetu ya kule Ngulyati tumeshaiuza."

"Nimeona, mama. Lakini boti hii haikatiwi bima."

Maji ya ziwa yalianza kupenya kando ya chuma, membamba kama uzi, yakalowesha mkono wa shati lake jeupe. Sote watatu tuliyatazama.

"Basi iache hapo hapo," nikamwambia. "Usiichomoe."

Nje, dereva wake alipiga honi.

"Mzee Mayige," mkaguzi alisema taratibu, bila kunitazama, "hii bisibisi ni ya ofisi."